Ukishindwa, Nipe Mji: Hesabu za Barazani Amu



Mhariri aliniomba niandike somo fupi juu ya faida ya vitendawili katika lugha. Nilikubali mara moja, maana vitendawili nimelelewa navyo. Lakini nilipoketi kuandika, kalamu ilinipeleka kwengine. Ilinipeleka kwenye hesabu! Tafadhali usigeuze ukurasa. Najua wengi wetu tuliingia katika Chama chetu cha Kiswahili kwa kukimbia hesabu, na mimi nilikuwa mkimbizi wa kwanza. Wahenga walisema, "Kuuliza si ujinga." Makala haya yanahusu methali hiyo, na yanahusu kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa tukisomeshwa milinganyo. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Kizingitini katika kisiwa cha Pate, aliitwa ubaoni afupishe 3x + 2. Alisimama kidogo, akaandika 5x. Mimi niliketi mstari wa mbele. Nilicheka, tena nilicheka kwa sauti, na darasa zima likanifuata. Mwalimu alitunyamazisha, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Yule ndugu aliweka chaki, akarudi mahali pake, na tangu siku ile hadi mwisho wa muhula hakuinua mkono tena. Akiulizwa, husema, "Sijui," hata kwa jambo analolijua.

Jambo la aibu zaidi ni hili: mimi niliyecheka, katika mtihani wa muhula ule nilipata alama 23 kwa mia. Nyani haoni kundule!

Haya nayaandika kwa idhini yake. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba nisimtaje jina.

KITENDAWILI NA MJI WAKE

Sasa turudi nyumbani. Bibi yangu hakuwahi kukaa kwenye dawati la skuli hata siku moja. Baada ya sala ya Isha, hasa umeme ukikatika, hutandika jamvi na kutukusanya, wakubwa kwa wadogo. Husema, "Kitendawili!" Sisi sote, "Tega!" Basi hutega. Mmoja hujibu hivi, mwengine vile, na kila jibu la upotofu huleta kicheko. Tukishindwa kabisa, bibi hunyoosha mkono na kusema, "Nipeni mji."

"Twakupa Mombasa."

"Mombasa nimeshapewa jana. Nataka mwengine."

"Basi chukua Siyu."

Hapo huanza safari yake. "Nalikwenda Siyu, nikapokewa vyema, nikala wali kwa samaki, nikanywa kahawa, nikashiba. Watu wa Siyu wakaniuliza jibu, nikawambia..." Ndipo hulitoa. Usiku mmoja mimi peke yangu nilimpa Faza, Pate, Malindi na Unguja nzima. Nililala maskini wa miji, lakini majibu yote manne ninayo mpaka leo.

Hebu tuuchunguze mchezo huu kama tunavyochunguza shairi. Una kanuni tatu zilizofichika:

1. Mtegaji huomba ruhusa kwanza. Hakuna anayetegewa kwa ghafla wala kwa nguvu. Neno "Tega!" maana yake ni kwamba tuko tayari.

2. Kila mtu ana haki ya kujaribu, mkubwa au mdogo. Jibu baya huchekwa, lakini anayechekwa hubaki jamvini na zamu yake haiishi. Kicheko ni cha jibu, si cha mtu.

3. Asiyejua hulipa mji, kisha huambiwa jibu. Hakuna anayelala bila ya kujua. Kushindwa kuna bei yake, na bei yenyewe ni ya mzaha.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: darasani kwetu asiyejua hulipa nini? Hulipa kwa aibu. Na aibu, tofauti na mji, haina chenji. Mtu hulipa leo, kesho, na mwaka mzima.

BAO NA HESABU YA MDUARA

Jumamosi moja nilitumwa na mama kumpelekea ami yangu ufunguo. Ami hupenda kuketi kwenye daka la jirani, upande wa Mkomani, kati ya zile baraza mbili za mawe zinazotazamana mlangoni. Nilikuta watu wamezunguka bao. Na nani alikuwa ameinama juu ya bao lile? Yule mwenzetu wa Kizingitini!

"Ndoo, mwanangu, ukae hapa utazame," ami aliniambia. "Kijana huyu yeo ametufunga sote."

Kwa msomaji asiyelijua bao la Kiswahili, nitaeleza kidogo. Bao lina safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kete zenyewe mara nyingi ni komwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili, yaani mashimo 16. Katika mchezo wa wakubwa, kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hatua ya kuziingiza zile za mkononi huitwa namua. Zikisha, huingia hatua ya mtaji. Wanaoanza hutumia bao la kujifunza, ambapo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo: 2 mara 32, ndizo 64.

Mchezo wa wakubwa ulipokwisha, ami alitaka kumjaribu yule kijana. Alipanga kete mbili mbili katika mashimo 16 ya upande mmoja, akasema hapana kula hapa, ni kuzungusha tu. Sheria ni hii: chukua kete za shimo moja, zigawe moja moja kwa kufuata mduara. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, zichukue zote zilizomo pamoja nayo, uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala.

"Nikianzia shimo la kwanza, nitalala wapi?" ami aliuliza.

Kijana alitazama kwa muda, midomo ikicheza kidogo, bila ya kugusa kete. Akasema, "Utalala shimo la sita."

Ami akaanza kuzungusha. Nanyi fuateni pamoja nami, mkiwa na karatasi:

Shimo la 1 lina kete 2. Ya mwisho inafika la 3.
Shimo la 3 sasa lina 3. Ya mwisho inafika la 6.
Shimo la 6 lina 3. Inafika la 9.
Shimo la 9 lina 3. Inafika la 12.
Shimo la 12 lina 3; inafika la 15.
Shimo la 15 lina 3. Zinapita la 16 na la 1, ya mwisho inafika la 2.
Shimo la 2 lilikuwa na 3, sasa lina 4. Zinapita la 3, la 4 na la 5, ya mwisho inafika la 6. Shimo la 6 ni tupu, maana tulishalichota. Umelala!

Watu wote barazani, "Lahaula!" Mimi nilinyamaza kimya. Huyu ndiye niliyemcheka?

Tulipoondoka nilimfuata mpaka forodhani. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu kama mtu anayeeleza namna ya kufunga kamba za viatu: "Natazama kila mara nitachukua ngapi, naziweka jumla kitwani. Mbili, kisha tatu mara tano, kisha nne, zote ishirini na moja. Nalianza shimo la kwanza, kwa hivyo moja na ishirini na moja ni ishirini na mbili. Mashimo ni kumi na sita tu, basi natoa kumi na sita. Zasalia sita."

Wanafunzi wenzangu, hii ni hesabu kamili, na sisi sote huitumia kila siku bila ya kuijua. Saa ikiwa nne na ukaongeza saa kumi, husemi ni saa kumi na nne. Unatoa kumi na mbili, unasema saa mbili. Leo ikiwa Jumatatu, baada ya siku 100 itakuwa siku gani? Toa saba saba mpaka zisitoleke tena: 7 mara 14 ni 98, zinabaki 2. Ni Jumatano. Saa ni mduara wa 12, wiki ni mduara wa 7, na mashimo ya bao ni mduara wa 16.

SHIMO LISILOJULIKANA

Pale forodhani nilimuuliza swali lililokuwa likinichoma. "Mbona basi siku ile ulisema tatu eksi na mbili ni tano eksi?"

Akatazama maji. "Ile eksi sikujua ni kitu gani. Nilijua tatu na mbili ni tano. Nilitaka kuuliza eksi ni nini, lakini mulishateka."

Mulishateka. Mlikwisha kucheka. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Nilijaribu kumweleza, na hapo nikagundua kwamba hata mimi eksi sikuijua vizuri, niliikariri tu. Nikatafuta mfano, nao ukaja kutoka kwenye bao tulilotoka kulitazama. Nikasema, "Tuseme eksi ni shimo lililofunikwa. Ndani mna kete, lakini hujui ngapi. Tatu eksi ni mashimo matatu yaliyofunikwa, yenye kete sawasawa. Mbili ni kete mbili ulizonazo mkononi. Sasa, je, una mashimo matano?"

Alicheka. "A'a! Nina mashimo matatu na kete mbili mkononi. Kete haiwi shimo."

"Na nikikwambia kwamba kete zote jumla ni kumi na nne?"

"Naziweka kando mbili za mkononi, zabaki kumi na mbili. Mashimo ni matatu. Kila shimo lina nne." Akanitazama. "Hiyo ndiyo milinganyo? Hiyo tu?"

Hiyo tu! 3x + 2 = 14, kwa hivyo x = 4. Alikuwa akiifanya tangu utotoni. Kitu alichokikosa kilikuwa jina lake tu, na ruhusa ya kuliuliza jina hilo bila ya kuchekwa.

Nikamwambia, "Mimi nimeshindwa. Nakupa mji."

Alinielewa bila ya kuelezwa zaidi. Akafikiri kidogo, akasema, "Amu siutaki, una punda wengi. Nipe Mombasa." Nikampa. Hivyo ndivyo nilivyomtaka radhi, na hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki.

CHUI, MBUZI NA MAJANI

Kuanzia hapo tulianza kukutana barazani kila Jumamosi, tukawakuta wazee wana hazina kubwa ya mafumbo. Fumbo la chui, mbuzi na majani linajulikana pwani yetu, nasi tuliligeuza liwe la kwetu. Mtu yuko Amu, anataka kuvuka mkono wa bahari kwenda Manda na chui, mbuzi na mzigo wa majani. Kihori chake kinabeba yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Afanyeje?

Mabishano yake msiyaulize! Mvuvi mmoja alisema chui afungwe kamba. Mwengine akasema kwa nini asiuzwe yule mbuzi, akakodi mashua. Wa tatu akauliza ni nani mwenye akili anayesafiri na chui. Mzee mmoja akapiga fimbo chini: "Sharti ni sharti! Ukilivunja, umelikimbia fumbo, hukulifumbua." Neno hilo mliandike madaftarini. Katika hesabu, kusoma sharti ni nusu ya jibu.

Jibu ni hili: (1) peleka mbuzi, (2) rudi peke yako, (3) peleka chui, (4) rudi NA MBUZI, (5) peleka majani, (6) rudi peke yako, (7) peleka mbuzi. Safari saba.

Wengi hukwama safari ya nne. Hawakubali kumrudisha mbuzi aliyekwisha vuka. Huona kwamba kurudi ni hasara. Lakini bila ya kurudi hapana kufika! Tazama kwa nini. Kwanza ni lazima uvuke na mbuzi, maana chui na majani ndio pekee wanaoweza kuachwa pamoja. Kitu cha pili utakachovusha, kiwe chui au majani, hakikai salama na mbuzi. Kwa hivyo lazima urudi na kimoja, na ukirudi na hicho ulichokileta sasa hivi, umefanya kazi bure. Anayerudi ni mbuzi. Basi mizigo ya kwenda ni minne badala ya mitatu, na baina ya safari nne za kwenda kuna tatu za kurudi. Nne na tatu ni saba. Haiwezekani kupungua.

Fumbo la namna hii ni la kale na limetembea. Ulaya limo katika mkusanyo wa mafumbo ya kunoa akili za vijana unaohusishwa na mwalimu Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Kwao ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Mbuzi ni yuleyule, kote hana bahati.

PUNDA KUMI NA SABA

Fumbo jengine husimuliwa na Waarabu kwa ngamia. Amu hatuna ngamia, tuna punda, basi na wawe punda. Baba aliacha punda 17 na wasia: mtoto wa kwanza apate nusu, wa pili thuluthi, wa tatu sehemu moja ya tisa. Nusu ya 17 ni punda wanane na nusu! Nani atakula nusu punda? Jirani mwenye hekima akaleta punda wake, wakawa 18. Nusu ni 9, thuluthi ni 6, sehemu moja ya tisa ni 2. Jumla ni 17. Jirani akamchukua punda wake, akaenda zake.

Maalim mmoja aliyekuwa akipita alisimama akatukosoa: mirathi katika sheria ya Kiislamu ina mafungu yake maalumu, na sehemu ya tisa haimo, tena wasia wa kawaida hauvuki thuluthi ya mali. Tukamwambia hili ni fumbo tu, maalim. Akacheka, lakini akatuachia faida. Alitueleza kwamba mwanachuoni al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika karibu na mwaka 820 kitabu ambacho neno aljebra limetoka katika jina lake, al-jabr. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Kwa hivyo aljebra haikuzaliwa ili kutusumbua kidato cha pili. Ilikuwa na kazi: watu wagawane mali bila ya kudhulumiana.

Na siri ya punda ni ipi? Jumlisha sehemu zenyewe: nusu ni 9/18, thuluthi ni 6/18, moja ya tisa ni 2/18. Jumla ni 17/18. Wasia haukutimia mzima tangu mwanzo. Punda wa jirani alikuja kutufunika macho tu.

HESABU NI KISWAHILI PIA

Mwanachama mwenzangu atauliza: haya yote yanahusu nini Kiswahili? Yanahusu sana. Hesabu tunayoifanya imo ndani ya maneno yetu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa tumeyapata kutoka Kiarabu, kama vile ishirini, mia na elfu. Je, kabla ya hapo tulikuwa tukisemaje? Sita ilikuwa tandatu, saba fungate, na tisa kenda. Fungate haijafa, bado tunaitaja kila arusi, kwa zile siku saba za bwana na bibi arusi. Mtu anayekwambia kwamba Kiswahili hakina hesabu, muulize fungate ina siku ngapi.

Tena angalia neno "fumbo". Washairi wa Amu na wa Mombasa walikuwa wakifumbiana kwa mashairi, na aliyefumbiwa alitakiwa afumbue. Mwalimu wa hesabu naye anapoandika 3x + 2 = 14, amefumba. Tofauti ni kwamba mshairi hutuachia muda wa kufikiri.

TULILOLIFANYA

Kutokana na hayo, sisi wanne tulimwomba mwalimu mlezi wa Chama ruhusa ya kukutana kila Jumatano saa kumi jioni chini ya mwarobaini. Tukauita mkutano wetu Baraza. Kanuni zetu ni za bibi yangu: mtegaji huomba ruhusa, kila mtu hujaribu, asiyejua hutoa mji, na lazima aambiwe jibu PAMOJA na njia yake. Mwalimu wa hesabu alikuja wiki ya tatu kututazama. Tulimtegea la chui na mbuzi, akakwama safari ya nne! Alitupa Nairobi, na siku hiyo ndiyo niliyompenda.

Sisemi tumekuwa magwiji. Mwisho wa mwaka mimi nilipata alama 48. Mwenzangu alipata 61. Lakini alama siyo habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba siku moja, katikati ya somo, mkono ulinyanyuka nyuma ya darasa, na sauti ikauliza, "Mwalimu, hiyo hapo maana yake nini?" Hakuna aliyecheka. Na waliokuwa hawajui, nikiwamo mimi, tulijua kwa sababu ya swali lake.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka vibaya. Baraza si badala ya daftari. Mafumbo hunoa akili, lakini kisu kilichonolewa bila ya kukata chochote hakimpi mtu chakula. Jedwali la kuzidisha lazima lijulikane, na mazoezi lazima yafanywe. Wala bao lisichezwe wakati wa somo au wa sala, tukaja tukalaumiwa sote.

MAZOEZI

1. Mashua imetia nanga mbele ya ngome. Ubavuni ina ngazi ya vipago 10, na baina ya kipago na kipago kuna sentimita 30. Maji yamegusa kipago cha chini. Yakipanda sentimita 15 kila saa, baada ya saa 4 vipago vingapi zaidi vitazama?

2. Forodhani kuna watu na punda. Vichwa ni 20, miguu ni 56. Punda ni wangapi?

3. Baada ya sala ya Idi watu 10 walipeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake mara moja. Mikono ilipeanwa mara ngapi?

4. Katika mduara wa mashimo 16, shimo la 14 lina kete 20. Ukizigawa moja moja bila ya kuruka shimo lolote, ya mwisho itaangukia shimo gani?

5. Mashimo matano yaliyofunikwa yana kete sawasawa, na mkononi nina kete 4. Jumla ni 39. Kila shimo lina ngapi?

MAJIBU (usichungulie kabla ya kujaribu!)

1. Hakuna. Maji yakipanda, mashua nayo hupanda. Bibi yangu alilijibu hili kabla sijamaliza kulisema. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kugawanya.

2. Punda 8. Kipe kila kichwa miguu miwili, ni 40. Inabaki 16, nayo ni ya punda, miwili miwili.

3. Mara 45. Kila mmoja hushika mikono 9. 10 mara 9 ni 90. Lakini kila mkono umehesabiwa mara mbili.

4. Shimo la 2. 14 na 20 ni 34. Toa 16 mara mbili.

5. Kete 7.

Na hili la mwisho silijibu hapa. Kitendawili! (Semeni, "Tega!")

Nikijumlishwa siongezi, nikitolewa sipunguzi, nikizidishwa nawameza wote.

Anayelijua aje Barazani Jumatano. Na asiyelijua aje vilevile, aje na mji wake mkononi. Hatutamcheka. Ila asituletee Mombasa, maana hiyo ina mwenyewe.